Mama Mkwe na Vitu Tulivyovitupa

Mama mkwe wangu hakuwahi kuingia kwangu kwa mlango wa mbele. Alipokuja Kitale kutoka Kabuchai alipitia uchochoro wa nyuma, kati ya ua wa jirani na shimo tunalochomea takataka, na mara nyingi tulijua amefika kwa kusikia mabati yakigongana shimoni kabla ya kusikia hodi. Mke wangu alikuwa akiacha lolote alilokuwa akifanya na kusema, "Mama amefika. Tayari anapekua." Mimi, nikiwa nyumbani, nilichukua shati nikatafuta njia ya kutokea mbele. Kwa desturi yetu, mwanamume na mama wa mkewe hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakilazimika kuongea hawatazamani usoni. Yeye naye hangeweza kulala chini ya paa langu. Kwa hivyo alifika saa nne asubuhi, na ikifika saa nane alikuwa amesharudi barabarani, na katika muda huo wote hakuketi. Chai aliinywa akiwa amesimama nyuma ya jikoni, kikombe mkono mmoja, mkono wa pili ukigeuzageuza kitu alichokitoa shimoni.

Tulimzika mwaka jana, majira ya kupalilia mahindi. Waliosimama kumsemea walisema alikuwa mchapakazi na mcha Mungu, na yote mawili ni kweli. Lakini nilirudi nyumbani nikiona kwamba mtu waliyemsema alikuwa ametulia kupita kiasi. Niliyemjua mimi hakuwa na utulivu wowote. Alitembea kama mtu aliyeacha sufuria motoni mahali fulani na hakumbuki ni wapi.

Mimi ni dereva wa lori la maziwa. Kila asubuhi nazunguka Ndalu na vijiji vyake, wakulima wanamimina maziwa, nayaleta Kitale. Mama mkwe aliipenda sana kazi yangu kwa sababu ya lori. Yeye alilitamka roli, kama wengi wa huko kwao ambao ulimi wao hubadilisha hizo herufi mbili bila kuomba ruhusa. Na kwa kuwa desturi ilitukataza kuongea ana kwa ana, aliamua, bila kumwuliza mzee hata mmoja, kwamba simu si uso. Kwenye simu alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliyekuwa akinisemesha huku ameukodolea macho mpera wetu kana kwamba mpera ndio mkwe, kwenye simu alicheka, alinitania, aliniuliza habari za matairi na za meno yangu, na jambo lake likiisha alikata bila kwaheri.

"Baba Nekesa, hiyo roli yako itapita huku lini?"

"Haipiti Kabuchai, Mama. Inaishia Ndalu."

"Si Ndalu ni karibu."

Ndalu na Kabuchai si karibu. Lakini kwake yeye umbali ulipimwa kwa uzito wa kitu kilichotakiwa kufika, na kama kitu kilikuwa chepesi basi njia nayo ilikuwa fupi.

Watoto wake walikuwa watatu waliobaki. Mkubwa, shemeji yangu anayeuza vifaa vya ujenzi Sirisia. Mdogo, mkulima wa Ndalu. Na katikati mke wangu, Kitale. Yeye aliwazunguka hao watatu mwaka mzima, na hakuzunguka mikono mitupu. Kochi lililokuwa limechoka Sirisia lilienda Ndalu, likavuliwa kitambaa, likavishwa gunia la sukari lililofuliwa na kupakwa rangi ya maganda. Pipa la Ndalu lililotoboka chini likaja kwangu, likageuzwa juu chini, likawa banda la sungura. Mazulia yetu yalienda Sirisia. Shemeji mkubwa, mtu wa kujipenda na mwenye duka, aliwahi kumtembelea mdogo wake akakalishwa kwenye kochi. Alikaa pale dakika nyingi akilipapasa mkono, mwishowe akauliza limenunuliwa wapi. Mama yake, aliyekuwa akipita na ndoo, akajibu kwamba limenunuliwa kwake mwenyewe, na angekuwa na subira angekuwa bado amelikalia.

Alikuwa na msemo wake: "Kitu hakifi. Ni watu huchoka nacho." Aliusema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja siku ya soko. Friji yetu ilipopigwa na umeme uliorudi kwa nguvu baada ya kukatika, fundi alisema mashine imeungua, na mimi nikaiona kama maiti. Mama mkwe akaisafirisha hadi Kabuchai, akaing'oa mashine, akailaza chali stoo na kuijaza maharagwe. Mlango wake ulifunga vizuri kuliko gunia lolote, na panya walikuwa wakizunguka nje wakinusa tu. Chandarua kilichochanika kilizunguka sukuma wiki zake kuzuia kuku. Dishi la televisheni lililopata kutu aliliweka juu ya paa la jikoni, akawa anaanikia njugu. Majirani wakavumisha kwamba mama yule sasa anaona stesheni za ng'ambo, na yeye hakuwasahihisha.

Wakati mwingine alivuka mpaka. Nilikuwa na gambuti zangu nzuri, buti za mpira, nimeziacha nyuma zikauke baada ya kuosha lori. Zikapotea. Nililaumu watoto, nikalaumu mbwa wa jirani. Miezi ikapita, siku moja nimefika Kabuchai na kusukuma lango, nikaona bawaba zake ni za mpira mweusi, zimepigwa misumari, na juu ya ile ya chini bado ilionekana namba ya kiatu changu. Nilimpigia simu nikiwa nimesimama pale langoni, yeye akiwa jikoni, hatua thelathini kutoka niliposimama. Akasema, "Kwani zilikuwa zako? Zilikuwa zimelala karibu na shimo." Nikamwambia kulala karibu na shimo si kutupwa. Akafikiri kidogo, akasema kwamba kwa lango, hata hivyo, zimefaa zaidi.

Jambo ambalo sikulielewa kwa muda mrefu ni nguo zake. Mwanamke huyu, ambaye hangetupa hata kipande cha kamba, hakuwahi kuvaa mtumba. Kila mwaka alienda kwa fundi wake mjini Bungoma, akakatiwa gauni jipya la kitambaa kipya, na hakuna mtu aliyethubutu kumpelekea blauzi iliyovaliwa. Binti yangu Nekesa, ambaye huuliza mambo sisi wengine tunayoyaogopa, alimwuliza kwa nini. Alijibiwa, "Vitu ndivyo huanza tena, mjukuu. Mimi si kitu."

Na subira aliyokuwa nayo kwa vitu hakuwa nayo kwa watu. Angeweza kukaa siku tatu na kigoda kimoja, akipiga msumari, akiung'oa, akiunyoosha kwa jiwe, akiupiga tena. Lakini mke wa shemeji mdogo akichelewa kidogo tu kuleta maji, mama mkwe alikuwa ameshayafuata mwenyewe, ameshayachota, na ameshamwonyesha kwa jinsi alivyotua ndoo kwamba hafai. Dada yule alimwita mvua ya mawe, kwa maana huja bila kubisha na ikiondoka unahesabu majani yaliyopona. Dada huyo alikuwa amekosewa, sitamtetea mama mkwe hapo. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kusema asante katika nyumba ile na wa kwanza kuona vumbi.

Ila siri alizitunza. Shimo letu lilimweleza mengi kutuhusu. Alijua Nekesa amefeli hesabu kabla yangu, kwa sababu karatasi ya mtihani ilikuwa imeraruliwa vipande na kufukiwa chini ya majivu. Wakati mmoja alinipigia nikiwa Ndalu nasubiri wakulima.

"Kuna pakiti mbili za sigara chini ya maganda ya ndizi."

Nilikuwa nimemwahidi mke wangu kwamba nimeacha.

"Hizo pakiti nimezichoma," akasema. "Mapafu yako siwezi kuyatoa nikayashona." Akakata simu. Hakulitaja tena, na mke wangu hakuambiwa.

Nayasema haya ili ieleweke alikuwa mtu wa namna gani, maana jambo lililotokea baadaye lilikaa juu ya tabia yake hiyo ya kunyamaza, na mimi niliitumia vibaya.

Mtoto wetu wa tatu, wa kiume, aliishi miezi minne. Homa ya mapafu ilimchukua katika muda wa siku tatu. Alikuwa na kitanda chake cha mbao, chenye fito pande zote, nilichomtengenezea kwa seremala wa hapa Kitale kabla hajazaliwa. Baada ya mazishi kile kitanda kilibaki chumbani kwetu. Mke wangu alizikunja nguo za mtoto akazipanga ndani, na hakuna aliyeruhusiwa kukisogeza hata kwa kufagia. Mimi nilikuwa nikiamka alfajiri kwenda kazini, na katika giza la chumba goti langu lilikigonga karibu kila siku. Wiki zilikwenda. Nilianza kukichukia, na nikajichukia kwa kukichukia.

Asubuhi moja mke wangu alienda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Nilizitoa zile nguo, nikaziweka kwenye sanduku, nikakibeba kitanda na kukiegemeza karibu na shimo. Nilijiambia kwamba ningetafuta mtu wa kumpa. Saa nne uchochoro ukatoa sauti ya hatua ninazozijua, kisha sauti ikakoma. Nilichungulia dirishani. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya kitanda, mikono yake imening'inia. Sijawahi kumwona mikono ikining'inia vile.

Alikuja hadi kwenye dirisha la jikoni, akaugeukia mpera.

"Kimetolewa na nani?"

"Na mimi, Mama."

"Mwenyewe anajua?"

Alisubiri, na kusubiri hakukuwa kazi yake. Kisha akaomba spana. Nilimpitishia dirishani, nikaiweka juu ya kizingiti ili asiipokee mkononi mwangu. Akakifungua kitanda kipande kwa kipande, akazifunga mbao kwa kamba, akaita bodaboda, akaondoka kabla hata chai haijachemka.

Mke wangu aliporudi alisimama mlangoni pa chumba. Aliuliza kitanda kiko wapi. Nikasema, "Mama alikuja, akakichukua."

Kila neno katika sentensi hiyo ni kweli. Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Hakulia. Alisema tu kwamba mama yake hajui pa kukomea. Nadhani bado alitumaini kwamba kimehifadhiwa. Miezi miwili baadaye tulienda Kabuchai na gari la kukodi kwa shughuli ya kupeleka posa ya binamu yake. Tulipopita nyuma ya jikoni tukakiona. Miguu ilikuwa imeongezwa ikawa mirefu, fito za pande zote zimelazwa, na juu yake zilikuwa zimefunikwa sufuria, sahani na bakuli zikichuruza maji juani. Kilikuwa kichanja cha vyombo. Mama mkwe alikuwa akija kutusalimia huku akipangusa mikono kwenye gauni. Mke wangu aliitazama sufuria moja kubwa nyeusi iliyokaa mahali ambapo kichwa cha mtoto kilikuwa kikilala. Akageuka, akarudi garini, akafunga mlango. Shughuli nzima ilifanyika yeye akiwa ndani ya gari.

Kwa miezi mitano hakupokea simu ya mama yake. Mama mkwe hakuja tena Kitale. Shimo letu likajaa, nikawa nalichoma mwenyewe, na moshi ulinikaba kuliko zamani. Mimi aliendelea kunipigia. Kila asubuhi, nikiwa nimeegesha lori pale Ndalu, simu ililia. Anakula? Analala? Ameenda kanisani? Ile sauti iliyokuwa ikinitania ilikuwa imekauka, lakini haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitesa. Aliuliza, nikajibu, akakata. Hakuniuliza swali moja ambalo nililingoja kila siku.

Mwishowe jambo hilo nililianzisha mimi.

"Mama, kwa nini hujamwambia kwamba ni mimi niliyekitoa?"

"Ukiwa tayari utamwambia."

"Anakuchukia wewe bure."

"Mimi ni mama yake. Kunichukia mimi kunaisha. Akianza kukuchukia wewe, watoto watalala wapi?"

Wakulima walikuwa wakinigongea mlango wa lori. Nikamwuliza jambo la pili, kwa nini kichanja, kwa nini asingekiweka tu mahali.

"Mimi nilizika wawili," akasema. "Wa kwanza, nguo zake nilizificha darini. Miaka nane, kila nikipanda dari kutoa mahindi nalia kama ni leo. Wa pili, mama yangu alichukua shuka lake akawa anafungia mdomo wa kibuyu cha maziwa. Nilikasirika kama huyu. Lakini kila siku lilipita mkononi mwangu. Siku moja nikaona nimelifua na sijalia. Ningekificha hiki, Baba Nekesa, angekuwa anakitafuta mpaka azeeke."

Akakata simu.

Nilimwambia mke wangu jioni ile ile, kabla ya kula, maana nilijua nikishashiba sitasema. Alinisikiliza hadi mwisho. Aliuliza jambo moja tu: "Miezi mitano umeniacha nimchukie mama yangu?" Nikasema ndiyo. Asubuhi alipanga nguo zake kwenye mfuko akapanda gari la Bungoma. Hakusema atarudi lini, wala kama atarudi. Nilibaki na wasichana wangu wawili tukiunguza ugali na kutazamana.

Alirudi baada ya wiki moja. Alinieleza kwamba siku mbili za kwanza hakuongea na mama yake, na mama yake hakumlazimisha, alikuwa akiingia na kutoka kama kawaida yake, akigonga vitu. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, mama mkwe aliacha vyombo vichafu kwenye beseni akaenda shambani. Hakuwahi kuacha vyombo vichafu maishani mwake. Mke wangu aliketi navyo muda mrefu. Kisha akaviosha, akavipanga kimoja kimoja juu ya kile kichanja, akakaa pale hadi vikakauka. "Ndiyo hivyo tu," aliniambia. Mama yake alisamehewa wakati ule ule. Mimi nilisamehewa polepole, na sijui kama kazi hiyo imekwisha.

Mama mkwe akaanza kuja tena Kitale, kwa uchochoro ule ule. Sasa alikuwa anahema akifika, na mke wangu alimwekea kigoda nyuma ya jikoni. Alikitumia kuwekea mfuko.

Alianguka msimu wa njugu, kutoka juu ya paa la jikoni. Jirani alinipigia mimi kwa sababu alijua naendesha gari. Niliazima pikapu ya mwenye kampuni nikaenda. Nilimkuta amelala juu ya gunia, wanawake wamemzunguka, nyonga imevunjika, na bado anamwelekeza mmoja wao aziokote njugu zilizomwagika. Hapakuwa na mwanamume mwingine. Niliinama nikambeba. Kwa miaka kumi na saba sikuwa nimemgusa hata kidole, na kumbe alikuwa mwepesi kama kikapu. Alisema, "Polepole, Baba Nekesa," akanitazama usoni, na mimi nikamtazama. Hakuna aliyetaja desturi. Baadaye wazee waliliweka sawa kwa blanketi na kuku, na tangu siku hiyo tukawa watu wa kusalimiana.

Wakati amelazwa hospitalini Bungoma, watoto walikutana. Shemeji mkubwa alisema mama atarudi akitembea kwa magongo, na ua ule ulikuwa umejaa vitu vya kumwangusha tena: mapipa, mbao, vyuma, viti vya miguu mitatu. Alisema kweli. Alisema pia kwamba wageni watakuja kumwona, na ni aibu. Mke wangu, aliyekuwa akimwuguza, alisema kwa simu kwamba kile kichanja kisiguswe, na hakikuguswa. Vingine vyote vilipakiwa siku moja kupelekwa jalalani. Mimi ndiye niliyeendesha pikapu. Mkwe hana sauti katika vikao vya ndugu, lakini nisijifiche nyuma ya hilo. Nilikuwa na mdomo na sikuufungua.

Aliporudi, tulimshusha garini, akasimama kwa magongo yake na kuuangalia ua. Ulikuwa umefagiliwa ukabaki mweupe, kiti kipya cha plastiki katikati. Watu walingoja afurahi.

"Kumbe mmenifagia," alisema. Basi.

Wiki mbili alikaa kwenye kile kiti. Alikula kidogo, aliitikia salamu, hakuuliza kitu. Mke wangu aliniambia kwamba mikono yake haitulii, kwamba ameichambua shali yake uzi kwa uzi hadi imefika nusu, na hatazami anachokifanya. Shemeji mkubwa alileta redio mpya. Hakuiwasha. Jumamosi moja, nikiwa sina zamu, nilienda Kabuchai peke yangu, na ile pikapu. Nilivuta kigogo nikaketi mbele yake.

Nilimwambia kwamba ni mimi niliyevibeba vitu vyake. Akasema anajua, aliyanusa mambo hayo tangu hospitalini. Nikamwambia kwamba havikufika jalalani. Hapo akaacha kuchambua shali.

Sikuwa nimemweleza mtu yeyote hadi siku hiyo. Nilipofika sokoni siku ile, mwanamke mmoja anayekaanga mandazi alinisimamisha akauliza kama chuma fulani kinatupwa. Nikampa. Mbele kidogo mwalimu wa chekechea akaniuliza kuhusu droo. Halafu nikaanza kusimama mwenyewe. Nilienda kilomita chache kwa saa nne, nikisimama kila penye mtu, na nilipofika jalalani nilikuwa na vigae vya chupa na mfuko mmoja wa matambara.

"Nani alichukua nini?" aliuliza.

Nikaanza kumtajia. Alinikatiza kila mara. Mwanamke huyo ana watoto wangapi? Hiyo droo ameiweka ndani au nje? Nje, si itanyeshewa? Nilisema sijui. Alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama wakwe zake wa kike.

"Nipeleke," akasema.

Nilimpandisha pikapu, magongo tukayalaza nyuma, na mke wa jirani akabaki na sufuria ya uji mkononi asijue ampe nani. Tulianza na sokoni. Yule wa mandazi alikuwa anatumia chuma cha feni kama wavu wa kuchuja mafuta, mandazi yamepangwa juu yake mekundu. Mama mkwe aliyatazama kupitia dirishani, akakubali moja, akalitafuna, akasema wavu umeinama upande wa kushoto. Kwa mwalimu wa chekechea droo zilikuwa ndani, moja ya chaki, moja ya vifuniko vya chupa vya kuhesabia. Hapo alitaka kuona droo zote nne zikifunguliwa. Mzee mmoja aliyepata mlango wa kabati, akaufanya meza ya kupigia pasi, alitoka nje mbio akidhani tumekuja kumnyang'anya. Alivua kofia, akasema kama mama anataka vitu vyake, yeye yuko tayari kurudisha.

"Unapigia pasi juu yake kweli?" akamwuliza.

"Kila Jumamosi, mama. Shati la kanisa."

"Basi endelea."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya vijana wawili waliooana karibuni. Walikuwa wamechukua karai. Tulilikuta limelala nyasini nyuma ya choo, limejaa maji ya mvua na majani. Mama mkwe alilitazama kwa muda, kisha akamwambia yule bibi harusi alimwage na alilete. Msichana akalileta ameinamisha kichwa. Mama mkwe akalifuta kwa ile shali iliyobaki nusu, akalipakata.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea. Nilimwambia nyumba zimekwisha, na kwamba mke wangu amepiga simu mara tatu akiuliza tuko wapi. Niliuliza kama nigeuze turudi.

"Na hili karai?"

"Tutalirudisha kwako, Mama."

Akatikisa kichwa. Alikuwa ameshayaweka macho kwenye njia iliyokuwa mbele yetu, ile inayoshuka kwenye miwa, ambayo mimi sijawahi kuipita na sikujua inaishia wapi.

"Endesha," akasema. "Mwenye kulihitaji yuko huko."

Nikaingiza gia.